"Iache Tu, Haimdhuru Mtu": Dhana Potofu Kuhusu Orodha ya Vituo Vyetu

Juzi nimeambiwa tena kuhusu rekodi ya zamani, safari hii na mwenzetu wa Tabora: "Kaka, iache tu hiyo, imekaa miaka yote na haijamdhuru mtu." Natunza orodha ya vituo vya redio ya ridhaa (ya watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara) hapa Kigoma kwa kujitolea, na maneno hayo nimeyachoka. Leo nayajibu kwa maandishi.

Dhana: Rekodi iliyopitwa na wakati haina madhara.

Inadhuru. Sisi tunaojua kwamba ripita fulani (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena yafike mbali) ilishushwa mlimani hatuisomi hiyo orodha. Anayeisoma ni mgeni. Masika moja mwenzetu alikuwa anakuja Kigoma usiku. Alipokaribia Mwandiga gari likazima, na simu yake haikuwa na chaji. Akaiweka redio yake ya mkononi kama orodha ilivyomwelekeza: kupokea MHz 145.650, kurusha 145.050, na toni ya kuifungua ripita Hz 88.5. Tarakimu zote zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa, ila ripita yenyewe ilishang'olewa na antena yake ilikuwa imelala stoo. Aliita mpaka betri ikakata. Wakati huohuo watu wawili mjini tulikuwa tunasikiliza 145.500, masafa ya kuitana. Asingeikuta ripita kwenye orodha, angehamia huko moja kwa moja. Safu moja ya uongo ilimlaza barabarani.

Wenye malango, yaani mitambo inayounganisha redio zetu na intaneti, nao wasijione salama. Anwani zote za intaneti zinazoanza na 44 zilikuwa zetu, watu wa redio ya ridhaa, na wengi waliandika kwenye mitambo yao kanuni fupi: ikianza na 44, ruhusu ipite. Mwaka 2019 robo ya anwani hizo, kuanzia 44.192 hadi 44.255, iliuzwa kwa Amazon. Ni zaidi ya milioni 4. Aliyeacha kanuni ya zamani anamfungulia mlango mtu yeyote aliyekodi kompyuta huko, akidhani anampokea mwenzake. Kanuni haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni dunia, na ndiyo maana ya rekodi kupitwa na wakati. Kama una lango, usimalize wiki hii hujaifungua hiyo kanuni na kuirekebisha.

Dhana: Kusafisha ni kufuta.

Hapana, na naomba mnisikilize hapa. Kituo kilichofungwa kinaandikwa "kimefungwa", kwa tarehe na jina la aliyethibitisha, kisha kinahamishiwa kwenye kumbukumbu. Mwenzetu akifariki, alama yake ya mwito (herufi na tarakimu anazojitambulisha nazo hewani) haifutwi kana kwamba hakuwahi kuongea na mtu. Kuna watu wana daftari zenye mawasiliano yao naye, na siku moja watataka kujua alikuwa nani na alirushia wapi.

Dhana: Hajasikika hewani, basi kaacha.

Mpigie simu kwanza. Wengine wanasikiliza tu, wengine wako masafa mafupi usiku wa manane wakati wewe umelala. Mimi naita mara mbili kwa nyakati tofauti, napiga simu, kisha naandika "haijathibitishwa". Kila safu iwe na tarehe ya mwisho kuthibitishwa. Nitalisema hilo mpaka mnichoke, kwa sababu orodha isiyo na tarehe hiyo huwezi kuisafisha, utabaki kubahatisha. Na saa ziandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: "saa 2 usiku" yetu ni 17:00, na nimekuta safu zilizoandikwa 2:00 tu, hujui ni ipi.

Dhana: Leseni ikiisha, TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) watamwondoa kwenye orodha.

TCRA wanatoa leseni. Orodha hii ni yetu, tuliianzisha wenyewe na hakuna atakayekuja kutusafishia.

Dhana: Tabora yote ni KI64.

KI64 ni alama ya mraba wa ramani tunaotumia kutaja kituo kilipo. Katikati ya mji, ndiyo. Lakini mpaka wa mraba ni nyuzi 5 kusini kamili, na mji uko chini kidogo tu ya mstari huo. Aliyehamia kilomita chache kaskazini yuko KI65, na ninao wanaosomeka bado KI64 ilhali walihama nyumba zamani. Hao ndio nitakaoanza nao Jumamosi. Anayejijua anitafute 145.500 akiwa Kigoma, au anipigie, kabla sijafika kwenye safu yake.