Je, wajua kwa nini kipimo cha figo kiliwahi kuuliza rangi ya mgonjwa?

Kwa miaka mingi, maabara nyingi za Marekani zilitoa majibu mawili ya figo kutokana na damu ile ile: moja la mtu mweusi, jingine la asiye mweusi. La mweusi lilikuwa juu zaidi.

Ilikuwaje? Kupima moja kwa moja kasi ya figo kuchuja damu ni kazi ndefu na ya gharama. Kwa hiyo hupimwa kreatinini, taka inayotokana na misuli, ambayo hujaa kwenye damu figo zikichoka. Kisha fomula huchukua kiwango hicho, umri na jinsia, na kukadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika.

Mwaka 1999 ilitungwa fomula iitwayo MDRD, kutokana na wagonjwa 1,628. Weusi kati yao walikuwa takriban 12 katika kila 100. Ilionekana kwamba, kwa wastani, kreatinini yao ilikuwa juu kuliko ilivyotarajiwa kwa uwezo wa figo zao. Maelezo yakawa kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi, dai lililoegemea tafiti chache na ndogo. Basi jibu la kila mtu mweusi likazidishwa kwa takriban 1.2, awe mnyanyua vyuma au bibi kizee aliyekonda. Msomali wa Minnesota na mjukuu wa watumwa wa Georgia wakatiwa kapu moja. Chotara je? Fomula haikuwa na jibu.

Fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2009 nayo ilibaki na zidisho la 1.159. Namba ndogo, lakini tazama ilichofanya. Marekani, mgonjwa anaweza kuanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa uchujaji ukishuka hadi 20. Chukua wagonjwa wawili wenye umri, jinsia na kreatinini sawa. Asiye mweusi anapata 18, anaingia kwenye orodha. Mweusi anazidishiwa, anapata karibu 21, na kuambiwa bado hajafikia. Na orodha hiyo huenda kwa muda: anayechelewa kuingia huchelewa kupata figo, na wengine hufariki wakisubiri. Kibaya zaidi, Wamarekani weusi ni kama 13 katika kila raia 100, ilhali ni zaidi ya 30 katika kila wagonjwa 100 ambao figo zao zimeshindwa kabisa.

Kosa hili lilidumu kwa sababu lilifundishwa. Lilikuwa darasani na kwenye mitihani, na mwanafunzi wa udaktari alilikariri kama anavyokariri majina ya mifupa. Waliolitikisa ni pamoja na wanafunzi wenyewe, walioinua mikono na kuuliza ushahidi uko wapi. Naona huo ndio ujasiri wa kweli, maana anayeuliza ndiye anayesubiri kusahihishiwa mtihani. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston iliacha zidisho hilo mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kikafuata 2020 baada ya wanafunzi kushinikiza. Mwaka 2021 ikatolewa fomula mpya isiyouliza rangi. Mwaka 2023 hospitali za upandikizaji ziliagizwa kuwatafuta weusi waliocheleweshwa na kuwarudishia muda wao. Maelfu walirudishiwa.

Na sisi Afrika? Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulipima uchujaji wenyewe, ukaulinganisha na makadirio. Fomula za kreatinini zilionyesha figo ni nzima kuliko zilivyo, na zidisho la rangi likaongeza kosa. Maana yake ni ugonjwa kupita bila kuonekana. Kwa hiyo ukikuta kwenye karatasi yako ya majibu mstari uliotengwa kwa watu weusi, muulize daktari ni fomula gani imetumika, na uombe ikokotolewe upya bila zidisho hilo.