Kurudi na Kurudia: Herufi Moja, Safari Mbili

Msimu uliopita, kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima wilayani Tandahimba, nilimkuta mzee amekodi guta kwenda kuchukua korosho zake. Ubaoni paliandikwa kwa chaki: "Magunia 6 yarudi." Alielewa kwamba mzigo umekataliwa. Kumbe karani alikusudia "yarudiwe", yaani yapimwe unyevu kwa mara ya pili, palepale. Guta lilishalipwa.

Mzee hakukosea. Kurudi ni kwenda tena ulikotoka: watu wanarudi Newala, ngalawa inarudi Mikindani, mzigo unarudi kwa mwenyewe. Kurudia ni kulifanya jambo upya: kurudia mtihani, kurudia hesabu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwa kuwa linaishia na "i", tukilitia kauli ya kutendea tunaongeza "a" tu mwishoni, kama tulivyofanya kwa fikiri na fikiria. Ndiyo maana masikio huteleza.

Herufi hiyo inauma zaidi linapoingia jina la mtu. Kumrudi mtu ni kumwadibu. Wazee wetu husema "mrudi mwanao angali mdogo". Kumrudia mtu ni kwenda tena kwake, kama mke aliyemrudia mumewe. Sasa afisa anamwandikia mkulima kwenye simu, "Nitakurudi baada ya kikao." Hiyo ni ahadi ya viboko! Hata "nitakurudia" mimi siipendi hapo, kwa sababu inanukia uchumba uliovunjika. Tuna "nitakujibu" na "nitakupigia", navyo havijawahi kumchanganya mtu.

(Nguo nayo hurudi: ikinywea baada ya kufuliwa, imerudi. Mafundi cherehani wanalijua hili vizuri.)

Naulizwa sana kama "rudia tena" ni kosa. Kwa mara ya pili, "rudia" inatosha. Lakini mwalimu aliyekwisha kumrudisha mwanafunzi kwenye sentensi ileile mara moja, akisema "rudia tena", ana haki. Anataka mara ya tatu.

Makarani wa maghala, nawaomba: msiiachie herufi moja ibebe korosho za mtu. Andikeni "yapimwe upya" au "mwenyewe aje kuyachukua", halafu msomeeni kwa sauti asiyeona vizuri ubaoni.