Barua ya "interrogatorio" kutoka Hispania: soma neno linalofuata kwanza

Malalamiko yamezidi katika kitengo chetu cha ukalimani. Mtu ameitwa kwenye *interrogatorio* huko Hispania, ndugu wamemtafsiria "mahojiano", basi anakwenda mikono mitupu kana kwamba anaitwa redioni. Mwenzake kaambiwa ni "kubanwa na polisi", akaona bora asiende. Wote wawili wameponzwa na tafsiri.

Neno limetoka kwenye Kilatini *interrogare*, kuuliza, na halina pingu ndani yake. Mwaka 1749 Marqués de la Ensenada, waziri wa mfalme wa Hispania, alipotaka kujua mali za watu wa Castilla kwa ajili ya kodi, kila mji ulipelekewa *interrogatorio* ya maswali 40, la kwanza likiwa: mahali hapa panaitwaje? Sisi tungesema dodoso. Hata mama mkwe anayemmiminia kijana maswali ya kazi na mshahara, Wahispania husema kamfanyia *interrogatorio*. Kwa hiyo kutupigia simu na kuuliza "maana yake nini?" bila kutusomea barua hakusaidii.

Ikiandikwa *interrogatorio de las partes*, hiyo ni kesi ya madai, na wewe ni mdai au mdaiwa. Usipofika, kifungu cha 304 cha sheria ya mwenendo wa madai (Na. 1 ya mwaka 2000) kinairuhusu mahakama ichukulie kwamba umekiri mambo uliyoshiriki mwenyewe na yanayokuumiza. Juu yake kuna faini ya euro 180 hadi 600 chini ya kifungu cha 292, ambayo hutozwa baada ya kupewa siku 5 za kujieleza. Aliyefika akagoma kujibu, au akajibu kwa kuzungukazunguka, anaguswa na kifungu cha 307.

Kwa mtuhumiwa wa jinai mambo hugeuka. Kunyamaza ni haki yake, wakili ni haki yake, na asiyejua Kihispania hupewa mkalimani bure. Tumeshasema mara nyingi: bure. Sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1882 inataka hata maswali yasimamishwe yakirefuka hadi mtu akapoteza utulivu wa akili, apumzike kwanza.

Shahidi (*testigo*) asijifiche nyuma ya haki hiyo ya kunyamaza. Akidanganya kortini, ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2, pamoja na faini.

Katika tafsiri zetu sasa tunaandika "kuulizwa maswali na mahakama" au "kuhojiwa kwa mtuhumiwa", kulingana na barua. "Mahojiano" tumewaachia waandishi wa habari.