Geini ya amplifaya si sauti ya redio

Kila fundi anapomwambia mteja "nimekufungulia geini yote, sasa besi utaisikia," najua pale kuna spika inayohesabu siku.

Geini ni nobu ya kulinganisha amplifaya na redio ya gari, yaani inaiambia amplifaya itarajie volti ngapi kutoka kwenye zile waya za RCA zinazoleta mawimbi ya sauti toka redioni. Basi. Usikie kwa juu au kwa chini, hiyo ni kazi ya redio.

Tazama nobu yenyewe kwa karibu. Pembeni yake pameandikwa volti, si wati. Kwenye amplifaya nyingi kushoto kuna namba kubwa, tuseme 6, na kulia kuna 0.2. Ukizungusha kwenda kulia namba zinapungua! Ingekuwa sauti, zingepanda. Ile 0.2 maana yake ni kwamba hata ikiletewa volti 0.2 tu, amplifaya itatoa nguvu zake zote. Redio nyingi hutoa kama volti 2, zile nzuri 4 au 5. Sasa wewe una redio ya volti 4 na geini umeipeleka mwisho kulia: amplifaya inafika ukomo wake redio ikiwa bado chini kabisa. Ya wati 400 ni ya wati 400 tu, geini iwe wapi. Unachobadilisha ni kufika mapema au kuchelewa.

Baada ya ukomo, wimbi haliwezi tena kupanda, kwa hiyo vilele vyake vinakatwa na kuwa bapa. Wengi wanausikia ule mkwaruzo wanadhani ndiyo nguvu. Wimbi lililokatwa namna hiyo linaweza kupeleka kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, karibu maradufu ya nguvu iliyokusudiwa, koili inachemka, na mara nyingi twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo inayotangulia kuungua kwa sababu waya wake ni mwembamba. Halafu inasingiziwa spika kwamba ni feki. Inaniuma, maana spika nyingi zisizo feki zimetupwa kwa lawama hiyo.

Kile kitufe cha kuongeza besi nacho kizimwe kwanza. Kikiongeza desibeli 12, kinadai nguvu mara 16.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Chomoa waya za spika, rudisha ekwalaiza sifuri, weka sauti ya redio robo tatu, cheza mlio wa majaribio wa hezi 50 kama ni amplifaya ya sabufa, yaani spika ya besi. Chukua mita, iweke kwenye volti za AC, gusa matundu ya kutolea spika. Zidisha wati za amplifaya kwa om za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili, ndizo volti unazotaka: wati 400 kwa om 4 ni 1,600, kipeuo chake 40. Anza geini ikiwa chini kabisa, ipandishe taratibu kwa bisibisi. Mita ikisoma 40, ondoa bisibisi.

Kwa hiyo, fundi, mteja akirudi analalamika besi ni ndogo, angalia boksi la sabufa, unene wa waya unaotoka kwenye betri, na kama kuna spika iliyofungwa chanya na hasi kinyume. Geini uliyokwisha kuipima iache palepale.