Ndoo moja na kidumu kimoja: maji, zege na uaminifu wa fundi mwashi

Kwenye saiti ya ujenzi saruji hufungiwa stoo, nondo huhesabiwa kila jioni, na lori la kokoto hukaguliwa kabla halijashusha. Maji hayana mhasibu. Kwa hiyo nikitaka kujua kama fundi ana hofu ya Mungu kazini, sianzi na unyoofu wa tofali zake. Naangalia anavyotumia maji. Maji huharibu zege kwa njia mbili: yanapozidi wakati wa kuchanganya, na yanapokosekana baada ya kumwaga. Kosa la kwanza huletwa na haraka, la pili na uchovu, na yote mawili hufunikwa na lipu kabla mwenye nyumba hajahamia.

Lita 25 kwa mfuko

Saruji haigandi kwa kukauka. Inaungana na maji kikemia na kuwa kitu kipya, ndiyo sababu zege huwa gumu hata likiwa limezama. Kwa muungano huo peke yake, mfuko wa kilo 50 unahitaji maji kama robo ya uzito wake, yaani lita 12 au 13 hivi. Zege la kiasi hicho halishindiliki, kwa hiyo tunaongeza mpaka lita 25, nusu ya uzito wa saruji. Maji yanayobaki hayana kazi ndani ya zege. Hutoka taratibu, na yalipokaa panabaki vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona; hivyo ndivyo njia ya unyevu na chumvi kuifikia nondo. Duff Abrams, mtafiti aliyefanya kazi Chicago, aliichapisha kanuni hii mwaka 1918: vifaa vikiwa vilevile, nguvu ya zege inaamuliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Ukitoka lita 25 ukafika 35 kwa mfuko, nguvu hushuka kwa zaidi ya theluthi, na mara nyingi hukaribia nusu. Mifuko ni ileile na risiti ni zilezile, lakini nguzo uliyoijenga si ile iliyochorwa.

Tuseme kwa vipimo vya saiti. Mfuko wa kilo 50 ukiumimina una ujazo wa karibu lita 35. Kwa ndoo ya lita 20, mchanganyo wa 1:2:4, ambao wengi tunautumia kwenye msingi na sakafu, ni mfuko mmoja, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7. Kwa nguzo na slabu, yaani bamba la zege la ghorofa, tunapanda hadi 1:1½:3: mchanga ndoo 2 na nusu na kidogo juu yake, kokoto ndoo 5 na robo. Nzuri zaidi ni kupiga boksi la mbao lisilo na kitako, ndani yake sentimita 40 kwa 35, kimo sentimita 25. Ujazo wake ni lita 35 kamili, kwa hiyo boksi moja ni sawa na mfuko mmoja. Toroli usilifanye kipimo. Asubuhi hujazwa mpaka linafanya kilima, jioni mikono ikilegea huja nusu, na mchanganyo unabadilika bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Maji ya lita 25 ni ndoo moja ya lita 20 na kidumu kimoja cha lita 5. Mchanga ulionyeshewa unakuja na maji yake: kwa mchanga wa mfuko mmoja ni rahisi kukuta lita 4 au 5 zimo tayari, kwa hiyo siku hiyo kidumu kinabaki chini. Ukitaka kuujua mchanga huo, ufinye kiganjani. Ukibaki umeshikamana na kiganja kikalowa, una maji ya kuhesabu. Mchanga wenye unyevu pia huvimba, hata kwa robo ya ujazo wake, kwa hiyo boksi lililojaa linakuwa na mchanga pungufu. Mafundi wengi hawalijui hili, wanashangaa mchanga wa leo unatoa zege tofauti na wa jana.

Kuna watakaosema fundi mzoefu hupima kwa jicho. Nauheshimu uzoefu, lakini jicho la saa 2 asubuhi si jicho la saa 9 alasiri. Nabii Amosi, katika sura ya 7, anaonyeshwa Bwana amesimama karibu na ukuta, mkononi timazi, uzi wenye kizito wa kupimia unyoofu wa ukuta. Ukuta haupimwi kwa maoni ya aliyeujenga. Timazi linaning'inia tu, na kinachoonekana kinaonekana. Kidumu cha lita 5 kinafanya kazi hiyohiyo. Hiki ndicho nilichojifunza kwenye uashi kuhusu imani, na nakiamini kwa moyo wote: mtu mwaminifu hategemei ahadi anazojipa mwenyewe, hujiwekea kipimo kilicho nje yake ambacho hata akichoka hakichoki.

Anayeongeza maji si mwovu

Mara nyingi anayeongeza maji ni saidia fundi, na ana sababu. Zege zito linakata mikono. Anayelipwa kwa kumaliza kazi, si kwa siku, anaona kila karai jepesi kama muda aliookoa. Chini ya nguzo nondo zimesongamana, kokoto hazipiti, na njia ya haraka ni kulegeza mchanganyo. Ukimhubiria uaminifu bila kumwondolea mzigo huo, unamwongezea lawama tu.

Mambo yanayosaidia kweli ni haya. Kodisha vibreta, mashine ya kutikisa zege, kwa sababu zege la lita 25 likitikiswa vizuri hushuka lenyewe mpaka kwenye kona za fomu, yaani mbao zinazolishika zege. Isukume wima ndani ya zege, ngoja mpaka mapovu makubwa yaishe kutoka, kisha itoe polepole. Ukiichomoa kwa ghafla inaacha shimo. Usiitumie kulisogeza zege upande, maana kokoto hubaki nyuma na uji wa saruji hutangulia. Kwa nondo zilizosongamana chagua kokoto ndogo zaidi badala ya kuongeza maji. Anza kumwaga saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza. Wakati wa Ramadhani ratiba hiyo inawafaa waliofunga, na zege nalo linaipenda.

Kisha pima mbele ya watu wote. Koni ya chuma ya kupimia zege ina kimo cha sentimita 30, chini sentimita 20, juu sentimita 10. Ijaze kwa tabaka tatu, kila tabaka lichome mara 25 kwa fimbo ya chuma, inyanyue wima, halafu pima zege limeshuka kiasi gani kutoka kimo cha koni. Kwa slabu na nguzo za kawaida, sentimita 5 hadi 10 zinatosha. Likiporomoka lote na maji kutangulia pembeni, hilo halijengi nguzo.

Zege lililoanza kushika, hasa baada ya saa moja hivi juani, usilirudishie maji. Utalilegeza kwa macho, lakini muungano uliokwishaanza ndio unaouvunja. Changanya kiasi kinachoweza kumwagwa ndani ya nusu saa, na mabaki yakishika yapeleke kwenye njia ya kupita au kujaza mashimo.

Ezekieli 13 inazungumzia watu wanaoupaka ukuta, na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema waliupaka kwa chokaa isiyokorogwa vema. Mvua kubwa inakuja, ukuta unaanguka, na misingi yake inaonekana. Kinachonikamata ni swali la mstari wa 12: ukuta ukianguka, wapakaji wataulizwa uko wapi upako walioupaka. Maelezo ya nabii yanahusu manabii wa uongo, lakini mfano aliuchukua kwenye kazi yetu, na fundi anausoma kwa uchungu wake. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 likaporomoka jengo Kariakoo. Jengo huanguka kwa sababu zaidi ya moja, na kuzitafuta ni kazi ya wachunguzi. Mimi nasema tu kwamba baada ya maafa hakuna kipimo kinachoweza kurudishwa nyuma, na kilichofukiwa siku ya kumwaga ndicho kitakachofukuliwa.

Kwa matofali ya saruji, hesabu ni rahisi kiasi kwamba mnunuzi yeyote anaweza kuifanya. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu, urefu inchi 18 na kimo inchi 9, lina ujazo wa karibu lita 16. Anayekuambia anatoa 40 kwa mfuko mmoja ametengeneza lita 640 za tofali kutoka lita 35 za saruji, yaani mchanga umezidi sehemu 17 kwa moja. Katika Qurani, Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa ole kwa wanaopunja: wakipimiwa wao hutaka kipimo kamili, wakiwapimia wengine hupunguza. Sijui kama kuna aya inayomfaa zaidi mfyatua tofali. Ukitaka kulijaribu tofali, likwaruze kwa msumari. Likimomonyoka kama chumvi, mwachie mwenyewe.

Siku 7 zisizo na makofi

Siku ya kumwaga slabu saiti hujaa. Kuna wali, kuna soda, kuna picha. Kesho yake hakuna mtu, na ndiyo siku zege linahitaji mtu kuliko wakati wowote. Muungano wa saruji na maji unaendelea kwa wiki kadhaa, na ukikauka unasimama. Kwa saruji ya kawaida mwagilia siku 7 bila kuruka; kwa saruji yenye mchanganyiko wa pozolana (jivu la volkano au linalofanana nalo), ambayo hukomaa taratibu, fika siku 10 hadi 14. Kufikia siku ya 7 zege lililotunzwa huwa na karibu theluthi mbili za nguvu ya siku 28. Lililoachwa likauke halifikii hapo, na hata ukilimwagilia wiki ya tatu hulipi deni lote.

Alama yake unaifahamu kama umewahi kufagia sakafu ambayo kila ukifagia inatoa vumbi la kijivu, hata baada ya miaka. Sakafu ile ilipigwa na maji mengi, uji mweupe ukapanda juu, kisha jua likaukausha kabla haujakomaa. Hakuna sabuni itakayoiponya. Inakwanguliwa na kupigwa upya.

Kwenye slabu njia ninayoiamini ni vibwawa. Piga matuta madogo ya mchanga au udongo kugawa slabu vipande vya mita mbili mbili, jaza maji kina cha sentimita 5, rudishia yanapopungua. Nguzo zifungie magunia na uyalowanishe asubuhi, mchana na jioni, au zizungushie karatasi ya nailoni mara tu fomu zikitoka. Kumwaga maji kwa mpira mara moja kwa siku kwenye jua la Januari ni kujifariji: saa moja baadaye pamekauka, na kulowa na kukauka kwa zamu ndiko kunakoleta nyufa. Mirunda, yaani miti inayoibeba slabu kwa chini, iache siku 14 hadi 21, hata kama ya mwenzako ilitolewa siku ya 7 na slabu yake bado imesimama.

Swali ninaloulizwa sana na mafundi Wakristo ni la Jumapili. Siku 7 za maji lazima zipite juu ya siku ya ibada. Hakuna ratiba itakayoikwepa. Wapo wanaoiacha slabu ikae kavu kwa heshima ya siku, na nadhani wanakosea. Katika Luka 14:5 Yesu anauliza nani asiyemtoa ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Zege linalokauka ni la namna hiyo: haliwezi kusubiri Jumatatu. Jaza vibwawa alfajiri, funika nailoni, nenda kanisani, rudi uangalie. Anayekaa saiti saa hizo akimwagilia peke yake, bila msimamizi wala kamera, anafanya kile ambacho Wakolosai 3:23 inakiita kufanya kazi kama kwa Bwana. Kwa Waislamu saiti, hadithi ya Mtume kuhusu kuifanya kazi kwa ukamilifu inafika palepale. Nimeona ni vizuri Mwislamu ashike zamu ya Jumapili asubuhi na Mkristo ya Ijumaa mchana. Slabu haikauki na kila mtu anaswali.

Sura hiyohiyo ya Luka, mstari wa 28, inamtaja anayetaka kujenga akaketi kwanza kuhesabu gharama. Kwenye makadirio mengi ninayoyaona kuna saruji, nondo, mbao na ufundi, lakini maji ya baada ya kumwaga hayamo wala mtu wa kuyamwaga. Yaandike. Slabu ya mita za mraba 100 kwa kina cha sentimita 5 inameza lita 5,000 siku ya kwanza tu, simtanki zima, na baada ya hapo unajazia yanayopotea kwa jua. Weka fungu la maboza ya maji kama maji ya bomba mtaani kwako hukatika, weka posho ya mwagiliaji kwa siku 7 au 14, na umlipe jioni ileile aliyofanya kazi, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza. Tarehe ya kumwaga iandike kwa chaki kwenye ukuta ambao kila anayeingia anauona, pamoja na tarehe ya kuacha kumwagilia na tarehe ya kutoa mirunda.