Endometrioma si uvimbe wowote tu wa ovari

Mwanamke akisema ameambiwa ana uvimbe kwenye ovari, ushauri anaopewa ni wa aina mbili: "utaisha wenyewe" au "hutazaa mpaka uutoe". Uvimbe gani? Hakuna anayeuliza.

Endometrioma ni mfuko unaojijenga ndani ya ovari pale tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inapoota humo. Tishu hiyo huvuja damu, damu inakosa pa kutokea, inazeeka na kuwa uji mzito wa kahawia. Ndiyo hiyo inayoitwa uvimbe wa chokoleti.

Sasa tutenganishe. Uvimbe wa maji wa kawaida hutokana na kifuko cha yai kisichopasuka au kilichojaa maji baada ya yai kutoka, na mara nyingi hunywea chenyewe baada ya mizunguko miwili mitatu. PCOS (polycystic ovary syndrome, yaani ovari zenye vifuko vingi), pamoja na jina lake, si uvimbe hata kidogo. Vile vitone vya kwenye ultrasaundi ni vifuko vya mayai vilivyoishia njiani. Fibroidi ziko kwenye kizazi, si kwenye ovari. Endometrioma haimo kwenye kundi lolote kati ya hayo, na kwa kawaida haiondoki kwa kusubiriwa.

Madhara yake kwa uzazi huja polepole. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kama milioni 1 hadi 2, na hayaongezeki tena. Mengi hukaa kwenye tabaka la nje la ovari, jirani kabisa na mfuko huu. Damu iliyozeeka ina chuma nyingi, inachokoza tishu za jirani, makovu yanajengeka, na akiba ya mayai inapungua kuliko umri unavyodai. Kipimo cha AMH, homoni ya damuni inayoashiria akiba hiyo, kinaweza kuonyesha hivyo kabla kisu hakijagusa kitu. Juu ya hapo, endometriosisi yenyewe, yaani ugonjwa wa tishu hiyo kuota nje ya kizazi, inaweza kushikamanisha ovari na mirija.

Na kisu nacho kina gharama, jambo ambalo wa "toa tu" hawalisemi. Ganda la endometrioma limeshikana na ovari; daktari akilimenya, linaondoka na sehemu ya mayai mazima. AMH hushuka, zaidi pale ovari zote mbili zinapofanyiwa. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, haushauri kuutoa kama desturi kabla ya IVF (kutungisha mimba nje ya mwili) kwa lengo la kuongeza nafasi ya kupata mtoto. Maumivu makali au shaka ya saratani ni habari nyingine. Tena, hata ukitolewa unaweza kurudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayemwambia mwenzio kwamba ameshakuwa tasa: ovari yenye endometrioma bado inaweza kutoa yai, na wako wengi wanaoshika mimba bila msaada wowote. Mwambie akiba yake huenda inapungua mapema, na kwamba kabla ya kukubali upasuaji aulize imebaki kiasi gani, na kama kuna haja ya kugandisha mayai kwanza.