Je, wajua homoni zinaingiaje kwenye ubongo? Mi nilidhani kuna nailoni

Tuanze na aibu. Kwa miaka mingi mi nilikua naamini ubongo umefungwa na kitu kama nailoni, vile wanavofunga nyama buchani, damu inazunguka huko nje alafu homoni (zile kemikali za mwili zinazopeleka ujumbe kwa njia ya damu) na vitu vingine vizuri vinachujwa kuingia ndani. Nilishawaelezea watu hivo kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanga hapa Kigoma, tena kwa sauti ya mtu anayejua, mpaka mzee mmoja muuza dagaa akaniuliza taratibu huku anamenya karanga zake, "Sa mwanangu, kama damu iko nje ya nailoni, ubongo wenyewe unakula nini?" Nikanywa kahawa.

Swali lake ndo lilibomoa kila kitu. Ngozi za kufunika ubongo zipo kweli, tena tatu, ndo hizo zinazovimba mtu akipata homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo sikua mwendawazimu kabisa. Ila damu haibaki nje. Ndani ya ubongo kumejaa vishipa vyembamba vinavoitwa kapilari, inakadiriwa ukiviunganisha vyote unapata kama kilomita 600, yani unatoka hapa unaipita Tabora na bado vingine vimebaki mkononi. Sa mfuko wa nje utazuia nini wakati damu imeshaingia ndani na kusambaa kila kona?

Kizuizi kiko kwenye ukuta wa kila kishipa. Sehemu nyingi za mwili seli za ukuta huo zimeachiana upenyo kidogo, vitu vidogo vinajipenyeza katikati. Kwenye ubongo zimebanana kama mbao za boti zilizotiwa kalafati. Kwa hiyo usifikirie ukuta unaozunguka mji, fikiria mabomba yote ya mji yamezibwa viungo, maji yanapita humohumo mtaani lakini hayavuji.

Nilifarijika kujua kwamba hata Paul Ehrlich, Mjerumani aliyekuja kupewa Nobel mwaka 1908 kwa kazi zake za kinga ya mwili, alijikwaa hapahapa. Kwenye miaka ya 1880 alikua anachoma wanyama sindano za rangi, viungo karibu vyote vinabadilika rangi isipokua ubongo, akasema basi ubongo haushiki rangi. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann mwaka 1913 akaiweka rangi moja kwa moja kwenye yale maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ubongo ukashika rangi vizuri tu na safari hii mwili uliobaki ndo haukushika. Ile kalafati yenyewe ilikuja kuonekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1967, kwenye panya, na Reese na Karnovsky.

Haya, boti halivuji, homoni inapitaje? Twende jikoni. Kila nyumba ya Kigoma ina ile ndoo ya plastiki iliyowahi kuwekewa mawese. Isugue na sabuni, na mchanga, na maji ya moto, ile rangi ya chungwa haitoki, kwa sababu haijakaa juu ya plastiki, imeingia ndani yake. Ndoo hiyohiyo ukiwekea maji ya damu ya samaki, suuza mara moja imetakata. Rangi ya mawese na plastiki ni ndugu, vyote ni vitu vya upande wa mafuta, vinayeyukiana. Utando wa seli nao ni mafuta. Na homoni kama kotisoli (ya msongo), estrojeni, projesteroni na testosteroni (za uzazi) zimetengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo zenyewe hazitafuti upenyo kati ya mbao na mbao, zinazama kwenye ubao wenyewe zinatokea upande wa pili.

Ila hapa usikimbie sana. Kitu cha mafuta hakiyeyuki vizuri kwenye damu, kwa hiyo kotisoli nyingi, kama asilimia 90 na zaidi, zimepanda migongo ya protini, na inayovuka kirahisi ni ile iliyoshuka. Alafu seli za ukuta zina pampu zinazotema baadhi ya vitu virudi kwenye damu, kama mtu anayechota maji ndani ya boti na kuyamwaga ziwani.

Homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, inahitaji mlango wake, protini inayoitwa MCT8. Wapo watoto, karibu wote wa kiume, wanaozaliwa na mlango huo mbovu, damu imejaa homoni lakini ubongo una njaa, na wanaathirika vibaya sana.

Insulini na leptini ni kubwa, hizo zinapokelewa na kubebwa kuvuka. Leptini, iliyogunduliwa 1994, inaupa ubongo taarifa kwamba akiba ya mafuta ipo, na usafiri wake ni kama boti lenye viti 20, abiria wakija 200 viti haviongezeki (nahodha wa huku angewapakia wote, mfano wangu unavuja hapo). Inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo ya mtu mnene kuwa na leptini tele kwenye damu na bado akasikia njaa, japo njia yenyewe inayopitia leptini, wataalamu bado wanaibishania.

Kuna pia sehemu chache za ubongo ambazo hazikutiwa kalafati. Moja iko chini kule nyuma, inaionja damu na ikikuta sumu unatapika. Nyingine inanusa homoni inayoitwa angiotensini, unasikia kiu.

Kinachonifurahisha mi ni adrenalini, homoni ya mshtuko. Vijana wa kijiweni penati ikipigwa wanasema imewapanda kichwani, wakati yenyewe ni kitu cha maji, mlango haina, inayoingia ni kidogo mno. Inaishia kwenye moyo na matumbo huko, na kwa tulichoona zaidi kwenye panya, mshipa wa fahamu unaopita shingoni unaitwa vegasi ndo unaopeleka habari juu. Ubongo unaanza kutengeneza ya kwake, noradrenalini, inayofanana nayo kama pacha.